Kona ya Sefania

Ukipanda kutoka tambarare ya Same kwenda juu upande wa Chome, barabara inakwenda kwa adabu zake mpaka inapofika kwa Eliakunda. Hapo, bila mto wa kuukwepa wala jabali la kulizunguka, inakata kona kali kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau ufunguo nyumbani. Inaukwea mlima kwa hasira hatua mia na kitu, kisha huko juu inanyooka tena na kuendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Kila dereva akifika hapo hubadili gia, na akishabadili gia humtaja marehemu baba yake Eliakunda kwa jina, tena si kwa kumwombea.

Kona ya Sefania. Hivyo ndivyo ilivyoitwa tangu Eliakunda azaliwe, na sasa alikuwa na miaka hamsini na sita.

Kisa chenyewe hakikuwa siri. Barabara ile ilichimbwa kwa mikono, mwaka wa pili baada ya Uhuru, kwa msaragambo. Baragumu likilia alfajiri, kila kaya inatoka na majembe kwenda kwenye ngwe yake, habaki kitandani ila mgonjwa na mzazi, na mtegaji analipa mbuzi. Watu wa chini walichimba wakipanda, watu wa juu walichimba wakishuka, wakutane katikati. Sefania ndiye aliyewaongoza wa chini. Basi wakasema watu kwamba Sefania alipofika karibu na shamba lake aliivuta barabara kidogo kidogo ili impitie mlangoni, na ndiyo maana hao wawili, barabara na mlango wake, mpaka leo wanatazamana. Lisemwalo lipo, wakasema, na wakaendelea kulisema kwenye harusi na misiba kwa miaka sitini.

Eliakunda alikuwa mdadisi tangu utotoni. Alikuwa akifukua mbegu za mahindi kila asubuhi aone zimefikia wapi, na alichapwa kwa hilo mpaka mahindi yenyewe yakamwonea huruma. Lakini jambo hili moja hakulifukua. Alimwuliza baba yake mara moja tu, akiwa na miaka kumi, siku waliyomwita shuleni “binti wa kona” mpaka akalia. Sefania alicheka, akamfuta kamasi kwa kiganja, akasema, “Barabara nayo huchoka, mwanangu. Ilifika hapa ikaomba kupumzika.” Kuanzia siku hiyo aliona aibu kumwuliza tena, kwa kuwa aliogopa jibu la kweli.

Halafu, mwezi wa sita mwaka huu, wakaja watu wa barabara.

Aliyeshuka kwenye gari alikuwa binti mrefu aitwaye Irine, mpimaji, na koti lake halikutosha kwa baridi ile. Barabara ingepanuliwa na kuwekwa lami. Alipima kutoka katikati ya njia hadi ukutani kwa Eliakunda, akapima tena, akatikisa kichwa.

“Shikamoo mama. Nyumba yako imeingia kwenye hifadhi ya barabara.”

“Marahaba. Nyumba hii haijawahi kuingia popote, mwanangu. Imekaa hapo hapo tangu nizaliwe.”

Irine akacheka, akamweleza taratibu. Garini alikuwa na makopo mawili ya rangi. Kama nyumba ilikuwepo kabla ya barabara, basi barabara ndiyo iliyomfuata mtu, na mtu huyo atapigiwa X ya kijani, alipwe, ajengewe upya. Kama barabara ilitangulia, basi mtu ndiye aliyeifuata barabara. Huyo ni X nyekundu, abomoe mwenyewe kwa gharama zake, ndani ya siku tisini. Baada ya wiki mbili kungekuwa na mkutano ofisi ya kijiji. Eliakunda atoe maelezo na mashahidi, kisha rangi ipakwe.

“Ila kuna kitu kinanisumbua,” Irine akaongeza, akifungua kishikwambi chake. Alikuwa na picha ya ramani ya zamani, ile ya kabla ya kuchimba. “Tazama. Hapa ni kwenye kalvati, pale ni kanisani juu. Mstari umenyooka. Kona hii haipo. Mbona barabara ilipinda?”

Eliakunda aliinamia kioo kile. Mstari ulikuwa umenyooka kweli, unapita kule mlimani, juu zaidi ya nyumba yake, mbali na mlango. Kwa hiyo ni kweli, aliwaza, mtu aliuvuta. Uso ukampata moto. Lakini palepale, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alisikia ule mwasho wa mahindi vidoleni.

Jioni hiyo alikuja Loth, mwenyekiti wa kijiji, mtu wa kofia na mizaha, ambaye hajawahi kuongoza sherehe bila kuchomeka ile hadithi ya Sefania. Safari hii hakutania. Alikunywa chai, akaweka kikombe chini.

“Mama Careen, jambo lako jepesi. Kijiji kizima kinajua baba yako aliivuta barabara mpaka mlangoni. Ili uivute barabara mpaka mlangoni lazima uwe na mlango, au siyo? Basi nyumba ilitangulia. Tutasimama wote kusema hivyo.”

“Na kama si kweli?”

“Si kweli vipi, dada? Mbona tumeisema miaka yote.”

Alipoondoka Loth, Eliakunda alikaa akiitazama sahani ya makande bila kula. Mambo yamegeuka jinsi gani! Kejeli iliyomliza shuleni sasa ilikuwa imekuja kumwokoa nyumba. Ilimtosha tu kuikubali mbele ya watu na kutia sahihi chini yake.

Asubuhi alizunguka nyuma ya nyumba. Huko, kuanzia kwenye ukuta wa jiko, kulikuwa na ukanda wa ardhi tambarare, upana wa hatua sita, urefu wa hatua themanini, umekatwa ubavuni mwa mlima katikati ya migomba. Ulikwenda, ukakoma tu. Watoto walichezea mpira hapo. Aliwahi kusikia kila maelezo juu yake: kwamba ni mahali pa kuanikia kahawa, kwamba babu alitaka kujenga zizi. Mwaka mmoja lori la tangawizi lilishindwa kukata kona, likapita ubavuni mwa jiko likaenda moja kwa moja kwenye ukanda ule, likasimama salama kati ya migomba, dereva akashuka akisema ahsante Mungu. Watu walimpongeza dereva, wakala ndizi zilizoanguka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini kulikuwa na mahali pa lori kupita.

Sasa Eliakunda alijiuliza. Alipima upana kwa hatua, akaenda barabarani akapima na barabara ya zamani pale ambapo haijatanuka. Sita na sita. Alirudi akasimama mwisho wa ukanda, akatazama juu mlimani, ambako barabara ilipita hatua arobaini juu ya kichwa chake. Ukanda huu haukuwa wa kahawa. Ulikuwa barabara. Wachimbaji walipita hapa chini wakaenda mbele, na hawakujua kwamba wenzao wako juu yao.

Lakini watu hamsini wenye majembe wanapishanaje bila kuonana? Na kama baba yake alikuwa akiivuta barabara mlangoni, mbona aliupita mlango kwa hatua themanini?

Aliyeweza kujibu alikuwa amebaki mmoja. Kila Krismasi, tangu Eliakunda apate akili, kulikuwa na jogoo aliyekuja kutoka Mamba, amefungwa miguu, salamu za mzee Vitus. Sefania alimwita “rafiki yangu wa baridi,” bila kueleza baridi gani. Siku ya maziko yake, Vitus ndiye aliyelia kuliko wenye msiba, mpaka wanawake wakanong'ona. Na Vitus, zamani za ujana wake, ndiye aliyekuwa mpiga baragumu wa watu wa juu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Eliakunda alipanda bodaboda, akazunguka mlima kwa saa mbili na nusu, akafika Mamba mgongo ukimuuma. Alimkuta mzee Vitus uani kwa binti yake, rozari shingoni, akichambua tangawizi iliyovunwa jana yake, ndogo huku, kubwa kule.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mtoto wa Sefania. Jogoo hakufika?”

“Alifika, tukamla. Nimekuja kwa habari ya kona.”

Mikono ya mzee ilisimama. Kisha ikaendelea kuchambua, haraka zaidi. Akaanza kueleza bei ya tangawizi, mvua zilizochelewa, paroko mpya. Eliakunda alimwacha amalize yote. Kisha akachukua vipande viwili virefu vya tangawizi, akavilaza juu ya gunia, kimoja juu, kimoja chini, vikipishana bila kugusana.

“Hiki ni nyinyi,” alisema. “Hiki ni baba yangu. Alifika mlangoni kwake akaupita. Alikuwa anaenda wapi?”

Vitus alivigusa vile vipande kwa kidole. Macho yalimlowa.

“Alikuwa ananifuata mimi,” akasema.

Akasimulia, kwa sauti ya chini ili binti yake asisikie. Ulikuwa mwezi kama huu. Ukungu ulishuka siku ishirini na moja bila kuinuka. Mtu hakuona jembe lake mwenyewe. Kazi haikuweza kusimama, kwa hiyo viongozi wakapatana: mpiga baragumu wa juu asimame kwenye kigingi, pale njia inapotakiwa kufika, apige kila baada ya muda, na watu wa chini wachimbe kuelekea sauti. Kazi hiyo alipewa yeye Vitus, kijana wa miaka kumi na sita, shati moja, miguu mitupu.

“Baridi ile, mwanangu, usiisikie. Siku ya pili nikaona mwamba, chini kidogo ya kigingi. Una pango ndani kama tumbo. Nikawasha moto humo. Nikawa napiga nikiwa humo humo. Sikujua mwamba unachukua sauti unaitupa kwingine. Wao walisikia baragumu liko chini, wakachimba chini. Siku ukungu ulipoinuka, tuliwaona wenzetu wako chini yetu, wametupita, wanatupa migongo.”

“Na baba?”

“Sefania alipanda peke yake. Alikuja moja kwa moja mwambani, akakuta majivu. Akayatazama, akanitazama. Nikajua nimekwisha. Kazi ya watu hamsini, wiki tatu, kwa sababu ya moto wangu! Akayatawanya majivu kwa mguu. Akaniambia, ‘Wewe bado hujaoa. Ukiitwa mpiga baragumu aliyepoteza barabara, nani atakupa binti yake? Mimi nimeshaoa, watanicheka tu.’ Akateremka akawaambia watu amekosea yeye.”

Watu walikataa kuchimba tena. Ngwe zao walishamaliza. Ile kona ya kuunganisha juu na chini, Sefania aliichimba na mkewe, karibu mwaka mzima, wakilala kwenye kibanda cha majani palepale. Kibanda kikawa nyumba. Hapakuwa na shamba wala mlango kabla ya hapo; waliokuja baadaye wakaona mlango kwenye kona, wakatunga lao.

Eliakunda alifurahi hata akashindwa kukaa. Aliinuka, akatembea mpaka kwenye mgomba, akarudi. Baba yake hakuivuta barabara. Miaka yote hiyo alikuwa akibeba baridi ya mtu mwingine, na kucheka. Kisha furaha ikapungua polepole, maana alikuwa amelielewa la pili. Barabara ilitangulia. Nyumba ilifuata.

Vitus naye alielewa. Habari za makopo mawili zilikuwa zimefika mpaka Mamba. “Sema kama wanavyosema watu,” akamsihi. “Sefania angekuambia hivyo hivyo. Nyumba ni nyumba. Jina lake limeshazoea.”

Eliakunda alipanda bodaboda akarudi nyumbani.

Siku ya mkutano ofisi ya kijiji ilijaa mpaka barazani. Irine aliketi mezani na daftari, makopo mawili yako chini karibu na viatu vyake. Loth alisimama wa kwanza, akavuta pumzi, akasema kwa heshima kubwa kwamba marehemu Sefania aliivuta barabara mpaka mlangoni kwake, na hilo halina ubishi. Akafuata Magreth, ambaye shuleni ndiye aliyetunga “binti wa kona”, naye akasema vivyo hivyo, tena akamtazama Eliakunda kwa upendo. Wakafuata wengine wawili. Eliakunda aliwasikiliza mpaka wa mwisho. Walikuwa wakimpa walichonacho, na walichonacho kilikuwa uongo.

“Mama,” Irine akasema, “mashahidi wametosha. Limebaki neno lako. Nyumba na barabara, kipi kilitangulia?”

Alifikiria mabati yake, na jiko, na chumba alichomwuguzia baba yake mpaka mwisho. Siku tisini ni chache. Kisha akamwona baba yake akiyatawanya majivu kwa mguu, na akatambua kwamba hataweza kulala tena ndani ya nyumba ile baada ya kusema lile neno.

“Barabara ilitangulia,” alisema. “Baba alijenga baada ya kuichimba. Hakuivuta. Nawashukuru, jamani, lakini siyo kweli, na haikuwa kweli siku zote mlizoisema.”

Loth aligeuka kuwatazama mashahidi wenzake.

Irine aliegemea mbele. Udadisi ulimzidi hata kazi. “Sasa ilipindaje?”

“Ukungu,” alijibu Eliakunda. “Baba alipotea kwenye ukungu.” Akakomea hapo. Lililobaki halikuwa lake kulisema.

“Hakupotea,” sauti ikatoka mlangoni. Watu waligeuka. Mzee Vitus alikuwa amesimama kizingitini, kofia ya pikipiki bado kichwani, mfuko wa rambo mkononi. “Alipotezwa. Aliyempoteza ni mimi.”

Akasimulia yote, safari hii kwa sauti ya kusikika, moto, mwamba, majivu. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Loth alivua kofia yake akaitazama ndani, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau humo. “Nimelisema hilo neno hata kwenye harusi ya mtoto wake,” akasema.

Irine alifunga daftari. “Mama, unaelewa nina makopo mawili?”

“Naelewa, mwanangu. Leta jekundu.”

Irine aliipaka mwenyewe, kwa brashi, X ndogo kuliko zote alizopaka mwaka ule, pembeni mwa dirisha. Kisha akabaki akizungukazunguka, akaomba aonyeshwe ukanda wa nyuma. Eliakunda alimtembeza mpaka mwisho. Irine alitoa futi yake, akapima kutoka barabarani, akapima tena kama ilivyo desturi yake.

“Kuanzia kwenye ule mparachichi,” alisema, “hii siyo hifadhi. Hii ni yako.”

Jumanne iliyofuata, kabla hakujapambazuka vizuri, Eliakunda alisikia baragumu. Alidhani anaota, kwa maana siku hizi matangazo hutolewa kwa kipaza sauti. Alitoka na khanga mabegani. Ukungu ulikuwa umeshuka, huoni hata choo. Sauti ikaja tena, nzito, kutoka nyuma ya nyumba, na kutoka ndani ya ukungu watu wakaanza kujitokeza, mmoja mmoja, na majembe, mitarimbo na ngazi. Magreth alibeba sufuria la makande. Loth alikuwa na nyundo mkononi, na hakuwa na mzaha hata mmoja.

“Tunaanza na mabati, Mama Careen,” akasema. “Unataka ikae wapi?”

Hakuhitaji kuwaonyesha. Waliifuata sauti wakapita jikoni, wakapita mparachichi, wakaingia kwenye ile barabara iliyokuwa haiendi popote, tambarare tayari, imekatwa tayari, na Sefania na wenzake, miaka sitini na zaidi iliyopita. Wakaanza kupiga vigingi vya msingi.

Mzee Vitus alikuwa mwisho wa ukanda, amesimama wima peupe, baragumu mikononi, umande ukimdondoka nyusini. Alikuwa akitetemeka. Eliakunda aliivua khanga mabegani mwake akamfunika nayo.

“Mzee, Magreth amewasha moto pale jikoni. Si ukae karibu na moto, upige ukiwa huko?”

“Nilishakaa,” alisema Vitus, na akaipandisha tena pembe mdomoni.